Chila Inapokata kwa Presha ya Juu Kwenye Nchi ya Baridi: Hotuba kwa Mafundi wa Nyanda za Juu Kusini, Mbeya

Ndugu mafundi, wahandisi wa viwandani, walimu na vijana wa vyuo vya ufundi, mwagonile. Wa Iringa na Njombe, kamwene. Poleni na safari.

Mada ni chila (mashine za kupozea maji) zinazopozwa kwa hewa, zile zinazokaa juu ya paa la hoteli, nyuma ya hospitali, pembeni ya kiwanda cha maziwa au ghala la parachichi, na hasa pale zinapotripu, yaani zinapojikata zenyewe, kwa presha ya juu. Mengi tunayoyajua kuhusu jambo hili tumeyapata kutoka Dar es Salaam au kwenye vitabu vilivyoandikwa kwa usawa wa bahari. Leo tulizungumze kwa hali ya hapa, mita 1,700 juu, ambako asubuhi ya Julai spana yenyewe inauma mkononi.

Tuanze na hesabu. Chukua chila ya gesi ya R134a ambayo swichi yake ya presha ya juu imewekwa baa 18. Ukiingia kwenye jedwali la gesi, presha hiyo ni sawa na nyuzi 65 hivi. Hilo ni joto ambalo gesi inageukia kuwa kimiminika ndani ya kondensa, ile koili ya nje inayotoa joto kwenye hewa ya feni, na leo nitaliita joto la kondensa. Kondensa safi, yenye feni zote na gesi ya kipimo, joto lake huzidi joto la hewa ya nje kwa nyuzi 10 hadi 17, kutegemea ukubwa wa koili na mzigo. Tuseme 14. Mchana wa Dar es Salaam wenye nyuzi 33, kondensa itakaa nyuzi 47 na geji itasoma baa 11 na kidogo. Mchana wa Mbeya wenye nyuzi 24, itakaa nyuzi 38 na geji itasoma karibu baa 9. Ili mashine ya Dar ikate, ile tofauti lazima ipande kutoka 14 hadi 32. Ili ya Mbeya ikate, lazima ifike 41.

Kwa hiyo hitilafu ambayo ingeikatisha chila ya Dar wiki hii, hapa inaweza kukaa miezi kimya. Kengele hailii, mteja halalamiki, ila umeme unaliwa: kila nyuzi 1 inayopanda kwenye joto la kondensa huongeza umeme wa kompresa kwa takriban asilimia 2 hadi 3. Siku kengele inapolia, moja kati ya mambo mawili limetokea. Ama kitu kikubwa kimeharibika ghafla, ama hitilafu mbili tatu ndogo zimepandana mpaka zikamaliza nafasi yote tuliyopewa na baridi. Fundi wa hapa akishaona koili chafu asifunge boksi la vifaa. Aendelee kutafuta, kwa sababu uchafu peke yake mara nyingi hautoshi kuifikisha mashine ya Mbeya kwenye nyuzi 65.

Upande mwingine, baridi yetu haiji bure. Inakuja na hewa nyepesi. Presha ya anga usawa wa bahari ni baa 1.01; Mbeya ni kama 0.83, Iringa karibu sawa na hapo, Njombe ni kama 0.80. Feni inasukuma ujazo uleule wa hewa, lakini uzito wa hewa hiyo umepungua kwa zaidi ya asilimia 15, na kinachobeba joto ni uzito. Koili ambayo pwani hewa yake ingepanda nyuzi 10 kutoka inapoingia hadi inapotoka, hapa itapanda nyuzi 12, kwa mzigo uleule na koili ileile safi. Ukiwa na kumbukumbu za pwani kichwani utasema feni hazisukumi. Zinasukuma, hewa ndiyo nyepesi.

Hewa nyepesi inadanganya kwenye ampea pia. Feni hapa hufanya kazi ndogo kuliko pwani, kwa hiyo ampea zake huwa chini ya zilizoandikwa kwenye kibao cha mota. Usiseme feni imelegea kwa sababu hiyo, wala usiridhike kwamba mota inapumua. Mota za kawaida za viwandani hukadiriwa kwa mwinuko usiozidi mita 1,000. Juu ya hapo hewa inayoipoza mota yenyewe nayo imepungua. Njia salama ni kulinganisha feni na feni ya mashine ileile. Sita zikisoma ampea 3.1 na moja 2.2, hiyo moja ina jambo.

Sasa umefika eneo la kazi, chila imelala, taa nyekundu inawaka. Usiguse kitufe cha kuriseti bado. Soma kwanza kwenye skrini: ni saketi ipi ya gesi iliyokata, saa ngapi, presha ilikuwa ngapi, joto la nje lilikuwa ngapi, kompresa ilikuwa imebeba asilimia ngapi ya mzigo. Mashine nyingi hutunza historia ya kengele. Piga picha kwa simu. Halafu ujue kilichokata ni nini hasa. Kwenye chila za kisasa kuna walinzi wawili: kontrola inayosoma sensa na kusimamisha mashine kwa amri ya programu, na swichi ya mekanika iliyoko kwenye bomba la kutolea gesi ya moto, ambayo inakata moja kwa moja umeme wa kontakta, yaani swichi inayowasha kompresa, bila kumuuliza mtu. Kama swichi ya mekanika imefunguka wakati skrini inasema presha ilikuwa ya kawaida, hapo hapo una nusu ya jibu, na tutalirudia.

Ukiriseti, riseti mara moja, ukiwa umeshaweka geji na kipima joto, na macho yako yakiwa kwenye feni. Mtu anayeriseti mara tano mfululizo anaipiga kompresa mara tano. Na kuunganisha waya kuruka swichi ya presha ya juu, hata kwa dakika moja ya kujaribu, ni kuhatarisha uhai wa watu. Hilo sitalijadili zaidi.

Vipimo unavyohitaji ni vichache: presha ya juu kwa geji yako mwenyewe, joto la bomba la kimiminika linapotoka kondensa, joto la hewa ya kivulini mita 10 hivi kutoka kwenye mashine, joto la hewa inayoingia koili katika sehemu nne au tano, na joto la hewa inayotoka juu ya feni. Ongeza ampea za kila feni na volti za fezi zote tatu. Kwa hivyo unajua karibu kila kitu.

Soma hivi. Joto la kondensa liko juu sana kuliko la nje, na hewa inayotoka juu ya feni ni ya moto kupita kawaida: joto linaingia kwenye hewa vizuri, ila hewa ni kidogo. Tafuta feni, uchafu, kizuizi. Joto la kondensa liko juu lakini hewa inayotoka imepanda kawaida au chini ya kawaida: hewa ipo, gesi ndiyo haitoi joto lake ipasavyo. Hapo shuku gesi kuzidi au hewa iliyoingia ndani ya mfumo. Na kama hewa inayoingia koili ina joto kuliko hewa ya kivulini kwa zaidi ya nyuzi 2 au 3, mashine inavuta pumzi yake yenyewe, na hitilafu iko nje ya mashine kabisa.

Hili la mwisho limetapakaa mikoa yetu kwa sababu ya mvua. Mwenye jengo anaona mashine ya mamilioni inanyeshewa, anaijengea kibanda cha bati. Chila ya hewa imetengenezwa kunyeshewa. Bati likiwa mita moja juu ya feni linairudisha hewa ya moto kwenye koili, na siku isiyo na upepo kengele inalia saa nane mchana. Bati litoke lote. Kulipandisha nusu mita hakusaidii. Kuta nazo: kila mtengenezaji ana kipimo chake, lakini ukikuta ukuta uko chini ya mita moja kutoka kwenye koili, au chila mbili zinatazamana kwa chini ya mita mbili, anza kushuku hapo. Angalia na radieta ya jenereta inapuliza wapi. Chila inayokata tu wakati jenereta linawaka inaweza kuwa inalishwa hewa ya nyuzi 50 na jenereta hilohilo.

Kuna sababu ya pili ya chila kukata kwenye jenereta, nayo ni mpangilio wa fezi. Fundi aliyeunga swichi ya kubadilishia umeme akigeuza waya mbili upande wa jenereta, mota zote zitazunguka kinyume. Rilei ya fezi inatakiwa izuie mashine isiwake. Mahali ambapo rilei hiyo iliondolewa kwa sababu ilikuwa inasumbua, kompresa za skroli zitapiga kelele bila kupandisha presha, kwa hiyo utagundua haraka. Hatari zaidi ni feni moja iliyobadilishwa mota na kuungwa kinyume ilhali nyingine zote ziko sawa. Inazunguka, ina ampea, kwa mbali inaonekana nzima. Simama juu uweke kitambaa chepesi: hewa inapaswa kutoka.

Feni iliyosimama au inayozunguka kinyume ina madhara makubwa kuliko hesabu yake. Kwenye chemba yenye feni nne, moja ikifa hupotezi robo tu. Ule mdomo wake unabaki wazi, na feni tatu zilizobaki zinavuta hewa kupitia hapo badala ya kupitia koili, kama mtu anayenyonya soda kwa mrija uliotoboka. Ukisubiri mota mpya kutoka Dar, funika mdomo huo kwa bati au ubao uliofungwa imara, na upunguze mzigo wa saketi hiyo. Mashine itahimili siku hizo.

Kwa nini feni inakufa? Anza na kontakta iliyoungua meno, fyuzi moja ya fezi iliyokatika, beringi, na maji kwenye boksi la waya. Kisha pima uwiano wa fezi. Tuseme umepata volti 398, 405 na 385. Wastani ni 396. Iliyo mbali zaidi na wastani ni 385, tofauti 11. Gawa 11 kwa 396, unapata asilimia 2.8. Watengenezaji wengi hawataki izidi 2, kwa sababu asilimia ndogo ya volti huleta tofauti kubwa ya ampea kati ya fezi, na mota inapata moto mpaka kilinzi chake cha ndani kinaikata. Ikipoa inawaka tena. Ndiyo maana unafika unakuta feni zote zinazunguka na mteja anaapa kuwa jana mbili zilisimama. Mteja anasema kweli.

Uchafu tunao wa aina yetu. Kuanzia Juni hadi Oktoba ni vumbi kavu, na kuelekea mwisho wa kiangazi majivu ya mashamba yanayochomwa. Mafinga na Sao Hill kuna machujo ya mbao na chavua ya misindano. Mbozi kuna maganda ya kahawa. Karibu na mashine za kusaga kuna pumba, na pumba zikilowa kwenye koili zinakuwa uji. Ratiba ya kuosha mara moja kwa mwaka haitoshi hapa. Osha mwanzoni mwa kiangazi na katikati yake, na karibu na viwanda vya mbao angalia kila mwezi.

Namna ya kuosha inaweza kuponya au kuua koili. Zima, funga kufuli kwenye swichi kuu, weka kibao chenye jina lako. Kama kuna inveta, subiri muda ulioandikwa kwenye jalada lake ili kapasita zitoe umeme. Fagia uchafu mkavu kwanza kwa brashi laini, kufuata mapezi juu na chini, kamwe si kukatiza. Kisha fungua paneli uoshe kutoka ndani kuja nje, kinyume cha njia ya hewa. Ukiosha kutoka nje unaukandamiza uchafu katikati, na hapo ndipo penye mtego: koili zenye safu mbili huonekana safi pande zote, kumbe katikati kuna blanketi. Jioni, feni zikiwa zimefungwa kufuli, mweke msaidizi ndani na tochi, wewe tazama kwa nje. Mahali mwanga haupiti, hewa haipiti. Mashine ya kuoshea magari itumike kwa mdomo mpana tu, kwa mbali, na maji yapige koili wima. Ukiinamisha, mapezi yanalala na umeharibu kuliko vumbi lilivyoharibu. Koili za shaba na mapezi ya alumini zinakubali dawa isiyo na asidi, ikioshwa yote. Koili za mikrochaneli, zile bapa za alumini tupu, zioshe kwa maji safi pekee isipokuwa kitabu cha mashine kiruhusu kitu kingine.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho fundi wa Dar hana haja ya kukijua vizuri, nasi tunayo haja: baridi ya asubuhi.

Nje kukiwa na nyuzi 8, kondensa inapoza kupita kiasi. Presha ya juu inashuka, valvu ya upanuzi, inayopitisha gesi kwenda upande wa kupoza, inakosa nguvu ya kuisukuma, presha ya chini (ya upande huo wa kupoza) inaporomoka na mashine inakata kwa presha ya chini. Ili kuzuia hilo, feni zinawashwa kwa zamu kufuata presha, au zinapunguzwa kasi. Mpango mzuri, ila ndimo zinamozaliwa kengele nyingi za presha ya juu za ukanda huu.

Angalia inavyotokea. Juni mashine inakata kwa presha ya chini kila asubuhi. Fundi anapandisha kiwango cha kuwashia kikundi cha pili cha feni, tuseme kutoka baa 11 hadi 15. Asubuhi inatulia, anashukuriwa, anaondoka. Oktoba, mwezi wa joto kabla ya mvua, mchana mzigo unapanda kwa kasi, presha inafika 15 ndipo feni zinaanza kuamka, na kabla hazijaivuta hewa ya kutosha swichi ya 18 imeshakata. Hakuna kitu kibovu kwenye mashine hiyo. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha kifaa chochote, fungua ukurasa wa viwango na ulinganishe na kitabu cha mashine, na kama feni zinaendeshwa na swichi za presha za kuzungusha kwa bisibisi, pima kila moja inawasha na kuzima kwa baa ngapi.

Sensa nayo inaweza kudanganya feni. Sensa nyingi za presha hupewa volti 5 na kurudisha kati ya 0.5 na 4.5. Kwa sensa ya baa 0 hadi 50, chukua presha gawa kwa 50, zidisha kwa 4, ongeza 0.5. Geji yako ikisoma baa 15, sensa inapaswa kutoa volti 1.7. Ukipata 1.1, kontrola inaamini presha ni baa 7.5, na haioni sababu ya kuwasha feni. Hapa ndipo lile nililosema mwanzo linapojibiwa: skrini inaonyesha presha ya chini na ya raha, swichi ya mekanika imefunguka. Amini geji. Pima pia zile volti 5 zenyewe kabla ya kuilaumu sensa, na angalia plagi, maana unyevu wa ukungu wa Tukuyu hauhitaji mlango mkubwa.

Asubuhi hiyohiyo ya baridi ndiyo inayojaza gesi kupita kiasi. Presha ikiwa chini na feni zikiwaka na kuzima, kioo cha bomba la kimiminika kinatoa mapovu hata kama gesi ni kamili. Fundi anaona mapovu saa moja asubuhi, anaongeza gesi mpaka kioo kiwe safi. Amejaza mashine kwa hali ya nyuzi 10. Mchana ukifika, gesi ya ziada inakaa chini ya kondensa ikiwa kimiminika, inafunika mabomba, na sehemu ya koili inayobaki kufanya kazi ni ndogo.

Dalili yake ni sabukulingi, yaani nyuzi ambazo kimiminika kimepoa chini ya joto la kondensa. Joto la kondensa likiwa 48 na bomba la kimiminika likiwa 42, sabukulingi ni 6, na kwa chila nyingi 5 hadi 8 ni sawa. Ukipata 14 na presha iko juu, gesi imezidi au kuna kitu kinaizuia mbele. Kabla ya kutoa gesi hakikisha valvu ya bomba la kimiminika imefunguliwa yote na joto ni lilelile kabla na baada ya filta. Filta iliyoziba huwa baridi upande wa kutokea, na mara nyingi presha ya chini nayo hushuka. Ukishajiridhisha kuwa gesi imezidi, njia ya uhakika ni kuitoa yote kwa mashine ya kurejesha gesi hadi kwenye mtungi wake, kisha kurudisha kilo zilizoandikwa kwenye kibao cha saketi, kwa mizani. Kuipuliza angani ni kuharibu mazingira na kutupa fedha ya mteja. Mchanganyiko kama R410A na R407C uingie ukiwa kimiminika, mtungi ukiwa katika mkao unaotoa kimiminika.

Hewa ndani ya mfumo inapimwa hivi. Zima kompresa, acha feni zizunguke kwa kulazimishwa mpaka joto la bomba la kimiminika lilingane na la nje na presha iache kushuka. Sasa linganisha geji na jedwali. R134a kwa nyuzi 22, jedwali la usawa wa bahari litasema baa 5.07. Geji yako ya sindano Mbeya itasoma 5.25 hata kama mfumo ni safi kabisa, kwa sababu geji inapima juu ya anga, na anga letu ni jepesi kwa baa 0.18. Kwa hiyo soma geji, toa 0.18, ndipo uingie kwenye jedwali. Njombe toa 0.21. Ukisoma 5.25 hakuna hewa. Ukisoma 6.3, ipo. Upande wa presha ya juu mashine ikifanya kazi, hiyo 0.18 ni ndogo, haikupotezi. Upande wa presha ya chini R134a inakupotosha zaidi ya nyuzi moja na nusu, na hilo linatosha kumfanya mtu azungushe valvu ya upanuzi isiyo na kosa. Geji za kidijitali ziweke sifuri hapahapa kwenye eneo la kazi, mipira ikiwa wazi, na kama zina sehemu ya kuweka mwinuko, ijaze.

Hewa hiyo iliingia wapi? Karibu kila mara iliingia siku mfumo ulipofunguliwa na kuvutwa vakyumu (kutolewa hewa kwa pampu) vibaya. Na hapa mwinuko wetu unachangia. Geji ya sindano pwani hufika karibu baa 1 chini ya sifuri, au inchi 30 za zebaki. Mbeya haiwezi kupita 0.83, yaani inchi 24 na nusu, hata pampu iwe mpya. Wapo wanaodhani pampu imekufa. Wapo wanaozungusha skrubu ya geji ili sindano ifike 30, na baada ya hapo geji hiyo ni ya kutupa. Geji ya sindano haisemi chochote cha maana kuhusu vakyumu. Tumia kipimo cha elektroniki cha maikroni, kinachopima presha ndogo iliyobaki ndani na hakijali mwinuko: shuka chini ya maikroni 500, funga pampu, subiri nusu saa. Ikipanda na kutulia mahali, bado kuna unyevu. Ikipanda bila kusimama, panavuja. Ukiwa na hewa ndani usijaribu kuiachia kidogokidogo juu ya kondensa. Rejesha gesi yote, badilisha filta, vuta vakyumu, jaza upya kwa mizani. Na kama presha hailingani na jedwali lolote hata baada ya hapo, shuku mtungi: gesi ya kuchanganywa ipo sokoni, na ile R134a bandia yenye R40 ndani yake hushambulia alumini.

Kwa upande wa mzigo nitakuwa mfupi. Kengele ikilia saa ileile kila siku, acha mashine, kaulize ratiba ya kiwanda. Kwenye maziwa, maji ya moto ya kuoshea mabomba, nyuzi 70 na zaidi, yakipitia kibadilisha joto ambacho hakijatengwa, yanarudi kwenye chila kama mzigo ambao haikununuliwa kuubeba. Penye chila inayozimwa mwishoni mwa wiki ni Jumatatu, tangi lote la maji limepata joto. Weka kikomo cha mzigo wakati wa kuwaka, kompresa zipande taratibu, na valvu ya kutenga wakati wa kuosha iwe na mtu anayewajibika nayo.

Imebaki swichi yenyewe. Watu huibadilisha kwanza. Mimi naiweka mwisho, lakini huwa inachoka kweli. Weka geji, punguza hewa kwa kufunika sehemu ya koili kwa turubai, presha ipande polepole, huku mtu mmoja mkono wake ukiwa kwenye swichi ya kuzimia. Swichi ya 18 ikikata kwa 14, ni mbovu, weka mpya ya kiwango kilekile kilichoandikwa, si ya juu zaidi. Ikifika 18 na kuipita bila kukata, zima kwa mkono hapohapo na mashine isiwake tena mpaka mpya ifike.

Baada ya kurekebisha, iendeshe kwa mzigo mkubwa nusu saa, mchana na si asubuhi, kisha andika ndani ya mlango wa paneli kwa kalamu isiyofutika: tarehe, joto la nje, joto la kondensa, tofauti yake, sabukulingi, ampea za kila feni. Tofauti ikiwa 14 leo na fundi mwingine akaikuta 22 mwezi wa tisa, atajua koili inataka kuoshwa kabla kengele haijalia. Karibuni kwa maswali.